Juu ya Zizi la Baba

Wateja wangu wa Kenyatta Market hawaamini nikiwaambia kwamba kwetu Kinoo, pembezoni mwa jiji, tulikuwa wakulima. Mtu ameketi kitini, kichwa amenipa nimsuke, tunaongea saa tatu nzima, na tukifika hapo anageuka kunitazama mpaka mstari unapinda. Kinoo gani, wananiuliza. Wao wanaijua Kinoo ya fleti, maduka ya vifaa vya ujenzi na bucha za kando ya barabara. Nikiwaambia tulikuwa na ng'ombe, nduma kando ya kijito, na mahindi kutoka barabarani mpaka chini bondeni, wanadhani nasimulia mambo ya enzi za nyanya yangu. Lakini ng'ombe hao niliwakatia majani kwa mikono yangu, na siku walipoondoka nilikuwa nimepita miaka arobaini.

Shamba lilianza na shosho, mama yake baba. Wakati wa hali ya hatari, enzi za wakoloni, watu wa upande wetu walikusanywa kwenye kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Guka, mume wake, alikuwa kizuizini, mbali. Shosho alilichimba hilo handaki pamoja na wanawake wengine, baba akiwa amefungwa mgongoni. Guka aliporudi, mguu wake mmoja ulikuwa haukunjiki, na hakuwahi kutueleza ulifanywa nini. Ardhi ilipopimwa upya, vipande vyao vidogo vilivyotapakaa huku na huko viliunganishwa kuwa shamba moja jembamba na refu, lililoteremka kutoka barabarani hadi kijitoni. Shosho alikuwa akituambia kwamba siku walipooneshwa mipaka alitembea kutoka juu hadi chini bila viatu, akapanda tena, guka akimsubiri kwenye kigingi kwa sababu ya mguu wake. Hawakurudi kijijini. Walijenga kibanda cha matawi papo hapo, asije mtu akabadilisha mawazo.

Guka akapanda ua wa kayaba kuzunguka shamba lote. Miiba yake ilikuwa mirefu kama kidole, na hakuna mbuzi wala mwizi aliyewahi kuupita. Baadaye akapata ndama jike, chotara, na baba akaacha shule darasa la saba ili amtunze. Ng'ombe wote tuliokuja kuwa nao walitokana na huyo mmoja. Baba aliweza kukutajia ukoo wao bila kusita, nani alizaa nani, nani alikuwa na ukaidi wa nyanya yake, nani alirithi titi lililokuwa gumu kukamua. Ukimwuliza kuhusu binamu zake mwenyewe angekuna kichwa kwanza.

Mimi nilikuwa binti wake wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake. Kwa mila yetu hilo linamaanisha kwamba baba aliniita mama. Maisha yake yote hakuniita kwa jina. Mama, leta ndoo. Mama, funga mlango wa zizi. Ndugu yangu mkubwa alikuwa amepewa jina la guka, na baba alikuwa akizungumza naye kwa heshima kidogo, hata alipokuwa mtoto wa kukojoa kitandani.

Nikisema ukweli, mimi sikulipenda shamba. Nilichukia kuchota maji kijitoni, nilichukia majani ya nepia yanayokata mikono kama wembe, nilichukia kwenda shule nikinuka samadi. Nilipomaliza kidato cha nne nilikimbilia kusuka nywele, kwanza kwenye kibaraza cha mtu pale Kinoo, kisha nikapata nafasi Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma na wanawake wanaokuvuta mkono upitapo. Niliolewa, ndoa ikadumu miaka minne bila mtoto, nikarudi nyumbani na sanduku moja. Baba hakuniuliza kitu. Aliniambia tu kwamba ng'ombe mweusi ana mimba.

Wakati huo majirani walikuwa wameanza kujenga. Aliyekuwa upande wa kulia alijenga fleti za ghorofa tano, halafu wa kushoto akajenga za sita. Jua likaanza kutufikia saa nne asubuhi na kutuacha saa nane. Mahindi yalirefuka yakitafuta mwanga, membamba kama fimbo, yakaanguka kabla ya kubeba. Wapangaji walitupa nepi za watoto na chupa juu ya ua wa guka, na kila asubuhi mama alipita na gunia akiziokota kati ya mistari ya mboga za sukuma. Kijito kikabadilika rangi. Siku moja mama aling'oa nduma, akazipika, akaonja, akazimwaga zote. Hakupanda tena.

Kisha ng'ombe mmoja akaacha kula. Tumbo lilivimba, akalala, na daktari wa mifugo alipofika hakuwa na la kufanya. Walipompasua ng'ombe huyo, baba alisimama pale na gambuti zake, viatu vya mpira vya zizini, akitazama. Tumboni mlikuwa na mpira mkubwa wa karatasi za plastiki, zimesokotana na kamba na kipande cha wavu wa vitunguu, mzito hivi kwamba daktari aliutoa kwa mikono miwili. Baba aliupeleka kijitoni akauosha. Sikujua alitaka kuona nini. Aliurudisha ukiwa msafi, akauweka juu ya jiwe karibu na zizi, ukakaa pale wiki nzima mpaka mama akauzika.

Ni baada ya hapo mama alisema amechoka. Alisema anataka nyumba yenye bomba ndani, na sakafu ya kupiga deki, na choo ambacho hahitaji mwavuli kukifikia. Alikuwa ameishi kwenye matope tangu alipoolewa. Watu husimulia habari kama hizi kana kwamba ardhi huchukuliwa na wageni wabaya. Kwetu haikuwa hivyo. Aliyetaka kwanza alikuwa mama.

Ndugu yangu alikuwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi na aliwajua watu. Alileta mwekezaji, mtu mpole, mwenye suti, aliyekunywa chai ya mama na kusifu maziwa. Mpango ulikuwa kwamba yeye angejenga fleti kwa gharama yake, nasi tungepata nyumba kadhaa kwenye jengo hilo, yeye abaki na nyingine. Kipande cha chini kando ya kijito, walipozikwa guka na shosho, kingebaki chetu, kwa kuwa hata hivyo hapajengeki. Baba alisikiliza yote. Mwekezaji alipoondoka alikwenda kukamua, ingawa saa yake ilikuwa haijafika.

Tulitia sahihi katikati ya jiji, kwenye ofisi ya wakili, ghorofa ya tano. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alisoma karatasi zote, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata maneno, na wakili akaangalia saa mara mbili. Mama alikuwa ameketi ukutani ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Alipofika mwisho, baba aliinua kichwa.

"Sijaona mahali ng'ombe watakaa," alisema.

Ndugu yangu alianza kusema kwamba hilo lingeangaliwa baadaye, wakili akasafisha koo. Nilikuwa nimesimama kando ya baba. Kulikuwa na feni pale, na ilikuwa ikipeperusha ukurasa wa mwisho, kwa hiyo niliushika kwa vidole viwili usigeuke.

"Baba," nilisema, "mama amechoka. Weka sahihi twende."

Alinitazama. Kisha akaweka sahihi, polepole, kwa mwandiko ule wa shule ya zamani wenye mikia mirefu.

Tulipotoka nje ndugu yangu alitaka tukale kuku, kusherehekea. Baba alisema ana jambo dogo. Alituongoza kupita wachuuzi mpaka mtaa wa chini, akaingia kwenye duka la dawa za mifugo, akatoka na mkebe mpya wa mafuta ya kukamulia. Aliutia mfukoni mwa koti.

Lori la kuwachukua ng'ombe lilikuja siku ya Jumamosi. Walikuwa wamebaki watatu. Mnunuzi alikuwa mkulima wa Limuru, na baba alikuwa ameenda kwanza kuliona zizi lake kabla ya kukubali. Asubuhi hiyo aliwaosha wote kwa brashi, hadi kwato. Wawili walipanda bila shida. Yule mweusi, aliyekuwa mzee kuliko wote, alifika kwenye ubao wa kupandia akasimama. Dereva alimvuta kamba, vijana wa lori wakamsukuma kwa nyuma, mmoja akaokota fimbo. Baba akamwambia aiweke chini. Alipita mbele, akapanda yeye mwenyewe ndani ya lori, akasimama kule mwisho, akamwita kwa ule mlio aliokuwa akiwaitia majani ya jioni. Ng'ombe akapanda. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa baba, akaweka kidevu chake begani kwake. Vijana wakafunga mlango wa nyuma. Baba ilibidi atoke kwa kupanda mbao za ubavuni, mzee mwenye magoti mabovu, nami nikampokea chini. Lori lilipoingia barabara kuu ng'ombe mweusi bado alikuwa akilia, na tuliendelea kumsikia mpaka magari mengine yalipomfunika.

Baadaye likaja tingatinga. Waling'oa ua wa kayaba kwa siku moja. Kisha wakaanza kuchimba msingi, na malori yakawa yanabeba udongo kutoka alfajiri. Sikuwa nimejua shamba letu lilikuwa na udongo mwingi hivyo. Baba aliketi na mlinzi kwenye kibanda cha mabati, akiyahesabu. Alimwuliza dereva mmoja wanaupeleka wapi. Dereva akamwambia kuna mtu anajaza bonde lake upande wa Ngong. Baba akasema udongo ule ulikuwa na samadi ya miaka hamsini, na kujazia bonde nao ni kazi bure. Dereva alikubali kwa adabu, akaondoka nao.

Tulipanga chumba jirani wakati wa ujenzi. Mama alikwenda kila wiki kuona ghorofa zinavyopanda. Alikuwa amechagua vigae vya jikoni mwenyewe, vyenye rangi ya krimu na ua dogo la kijani pembeni, na aliweka kimoja kwenye mkoba wake akiwaonesha wanawake wa kanisani. Walikuwa wanamwaga zege la ghorofa ya nne alipougua. Ilikuwa saratani ya kongosho. Hakufikisha miezi miwili. Tulimzika kule chini kando ya guka na shosho, na siku ya mazishi mafundi walisimamisha mashine kwa saa mbili, wakasimama kwenye kingo za jengo na kofia mikononi. Tulipomaliza kuimba wakaendelea.

Nyumba aliyoitaka mama tuliingia mimi na baba. Ilikuwa ghorofa ya nne, hakuna lifti. Vigae vyake vilikuwa vimewekwa vizuri. Bomba lilitoa maji siku tatu kwa wiki. Ndugu yangu alichukua nyumba zake, akaziuza zote ndani ya mwaka, akahamia Nakuru. Alisema mji umemchosha.

Mwanzo baba alijaribu. Alitafuta magunia, akayajaza udongo na kupandisha moja moja begani ngazi zote zile, akapanda sukuma kwenye roshani. Zikaota, nasi tulizila mara mbili. Lakini maji yalidondoka kwenye nguo za wapangaji wa chini, udongo ukaacha madoa mekundu kwenye shuka za mtu, na msimamizi wa fleti akapanda kutuambia kwamba sheria za jengo haziruhusu. Baba alimwuliza sheria hizo ziliandikwa na nani. Msimamizi, ambaye alikuwa kijana wa watu, alisema hajui, yeye ameajiriwa tu. Baba akayashusha magunia mwenyewe. Nadhani ni kuanzia hapo akili yake ilipoanza kutuponyoka.

Saa yake ya kukamua ya mchana ilikuwa saa tisa. Siku moja nilirudi mapema kutoka sokoni nikamkosa nyumbani. Gambuti zake hazikuwapo, wala ndoo ya kudekia. Nilimtafuta kwenye ngazi, nikashuka mpaka chini, na kwenye nyumba ya nyuma kabisa ya ghorofa ya chini nikakuta mlango uko wazi. Baba alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda cha plastiki, uso ukutani, ndoo katikati ya miguu. Kando yake alisimama mpangaji wa nyumba hiyo, msichana mmoja kutoka Vihiga, nesi wa zamu za usiku ambaye mchana huwa nyumbani. Alikuwa na kanga kifuani na alionekana ametoka kulala.

"Auntie, usijali," aliniambia kwa sauti ya chini. "Amekuja tangu juzi. Anakaa kidogo tu halafu anaenda."

Nilihitaji muda kuelewa. Nilitazama nje dirishani kuangalia kijito kiko upande gani, nikapima kwa macho umbali kutoka barabarani. Jiko la yule msichana lilikuwa pale pale lilipokuwa zizi letu. Baba alikuwa amekaa upande wa kulia wa ng'ombe, mahali alipokaa siku zote.

"Leo amekataa kushusha maziwa," alisema bila kugeuka. "Mmemtisha na hizi kelele."

Msichana yule alimvumilia karibu mwaka mzima. Nilimwomba msamaha mara nyingi na kila mara alisema baba yake mwenyewe yuko mbali na hana wa kukaa naye. Alimnunulia baba kigoda cha mbao. Mchana mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, alimimina pakiti mbili za maziwa ndani ya ndoo baba alipokuwa akitazama kwingine. Baba alipanda nayo ngazi zote mpaka kwetu, akaiweka mezani mbele yangu. Alionekana mwenye furaha. Kisha akainama, akanusa. Akachovya kidole akaonja.

"Haya si ya kwetu, mama," alisema.

Alikaa chini, akayatazama muda mrefu. Mwishowe nilichukua ndoo nikaenda kuyamwaga jikoni, kwenye sinki ya mama yangu.

Yule nesi alipata kazi nje ya nchi, kama wenzake wengi, akaondoka. Aliyeingia alikuwa fundi wa simu mwenye duka mjini, pamoja na mke wake na mtoto mchanga. Baba alishuka saa tisa kama kawaida. Mlango ulifunguliwa na mke, akiwa peke yake na mtoto, akamwona mzee wa gambuti na ndoo anayejaribu kupita kando yake bila salamu. Alipiga kelele. Majirani wakaja. Mtu alimshika baba mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akabaki na alama. Jioni mume wake alipanda kuja kuniona. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini alivua kofia mlangoni.

"Mama, mimi simlaumu mzee," alisema. "Lakini bibi yangu anaogopa, na mimi nashinda town mpaka usiku. Akija tena sijui nitafanya nini."

Nilimwambia hatakuja tena. Hakuwa amesema neno moja lisilo la haki.

Kuanzia kesho yake nilianza kumfungia baba ndani. Naandika hivi kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi nilimpikia, nikamwekea chakula cha mchana kwenye bakuli lililofunikwa, nikafunga mlango kwa nje, nikaenda Kenyatta Market kusuka nywele za watu. Ningeacha kazi tungekula nini, nilijiambia, na ilikuwa kweli. Jirani wa ng'ambo aliniambia kwamba wiki ya kwanza, ikifika saa tisa, alimsikia baba akizungusha kitasa. Hakupiga mlango wala kuita. Alikizungusha tu, akaacha, akakizungusha tena. Wiki ya tatu akaniambia hasikii kitu siku hizi. Nikashukuru. Nilifikiri amezoea.

Nilimkuta kila jioni kwenye kiti kile kile, akitazama roshani. Chakula alikula nusu. Alikuwa mtu asiyeongea sana tangu zamani, kwa hiyo ukimya wake haukunishtua mapema kama ilivyopaswa. Msimu wa mvua ndefu alianza kukohoa. Nilimpeleka hospitali, wakamlaza, wakasema ni mapafu. Waliniuliza kama huwa anatembea, kama anapata jua. Nikasema kidogo.

Siku ya nne wodini akili yake ilirudi. Sijui inatokeaje, manesi walisema huwa inatokea. Ilikuwa asubuhi, nimemletea uji. Aliniangalia kwa macho ya zamani kabisa, macho ya mtu anayejua yuko wapi na ni mwaka gani, akaniuliza shamba liko vipi. Sikuweza kumdanganya akiwa ananiangalia hivyo. Nikamwambia lilijengwa fleti, tunaishi ghorofa ya nne.

"Nani aliweka sahihi?"

"Ni wewe, Baba."

Alifikiri kidogo.

"Na wewe ulikuwa wapi, mama?"

"Nilikuwa kando yako," nilisema. "Nilikushikia karatasi."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali kuhusu njia, kisha akageuza uso upande wa ukuta. Nilikaa na kijiko mkononi mpaka uji ukashika ngozi. Hakuzungumza tena, siku hiyo wala iliyofuata, na Ijumaa walinipigia simu nikiwa kazini, kichwa cha mteja kimesukwa nusu. Nilimaliza kumsuka. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Kumfikisha baba kaburini ilitubidi tumpitishe kwenye kijia kati ya jengo na matangi ya maji taka, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kufika chini. Jeneza lilikuwa pana kuliko kijia, wakaligeuza ubavu. Wapangaji walituangalia kutoka kwenye roshani. Wengine walizima muziki, wengine hawakujua ni nani anayezikwa. Yule fundi wa simu alikuja, akasaidia kubeba. Kaburi lilijaa maji tulipokuwa tukiomba, na vijana wakayachota kwa ndoo kabla ya kumteremsha.

Mwaka huu ndugu yangu alikuja kutoka Nakuru. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi. Watu wa vipimo walikuwa wamepita wakapaka alama nyekundu kwenye mawe, wakisema kipande chote cha chini kiko ndani ya hifadhi ya mto. Makaburi yaliyopo hayataguswa, walisema, lakini hakuna kuzika tena, wala kulima, wala kuweka ua. Tulishuka kwenda kuona. Mafuriko yalikuwa yameleta takataka mpaka kwenye msalaba wa mama, na wa guka ulikuwa umelala. Tuliusimamisha, ukalala tena. Ardhi ilikuwa laini mno kushika kitu.

Ndugu yangu alipangusa mikono kwenye suruali. Ana mvi sasa, na kwa ubavuni anafanana na guka. Alisema wanawe hawajui Kikuyu na hawajawahi kuuliza habari za Kinoo, na yeye hajaona sababu ya kuwaambia.

"Kwa hiyo sisi wawili tutazikwa Lang'ata, makaburi ya jiji," nilisema.

"Kama kutakuwa na nafasi," alijibu. "Nasikia kumejaa."

Nilitaka kumwuliza kama na yeye hukumbuka ile ofisi, ile feni, lakini alikuwa akiangalia saa, kwa kuwa alitaka kutoka Kinoo kabla ya magari kuzidi. Tulipanda juu kwa kile kijia, yeye mbele, mimi nyuma. Aliniuliza biashara ikoje, nikamwambia wateja wamepungua, wasichana siku hizi wanavaa wigi. Akaniaga kwa mkono, akaingia kwenye gari lake. Nami nikaanza kupanda ngazi.